Kisu Kwenye Pete Isiyo na Ufunguo

Asubuhi niliyoondoka Bofu sikuwa na safari. Nilikuwa na ufunguo wa chumba cha watu mkononi, nakwenda kuurudisha, basi.

Kazi ya kushusha mifuko ya saruji ghalani ilikuwa imekwisha, lakini hiyo siyo sababu. Kazi huisha na nyingine huja. Sababu ni kwamba nilikuwa nimekaa Bofu mpaka nikajua kikohozi cha kila jirani: nani anakohoa kwa maradhi, na nani anakohoa ili mkewe ajue amerudi. Nikifika hapo nyayo huanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoacha shule darasa la sita kule Kaloleni. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kujua barabara iliyopita mbele ya lango inaishia wapi. Iliishia Mazeras, na pale Mazeras nikakuta nyingine.

Mwenye nyumba alikuwa uani, kikoi kiunoni, mswaki mdomoni.

"Waenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui bado, mzee."

Akatema povu. "Mtu hata akienda msalani ajua aendako."

"Nikifika nitajua."

"Haya, nenda. Ila ukiulizwa huko mbele tafuta jibu jingine. Hilo si la kumpa mtu."

Nilicheka. Nikachomoa ufunguo wake kwenye pete yangu ya funguo. Pete ile ni ya chuma kilichojizungusha mara mbili, ngumu, ukucha hauiwezi. Huipanua kwa kisu kilichoning'inia juu yake yenyewe. Nikamkabidhi ufunguo, nikatia pete mfukoni, nikatundika mkoba wangu begani. Ilibaki na kisu tu.

Niseme habari ya kisu hicho, maana bila hicho nisingekuwa na la kuwasimulia. Ni kisu cha kukunja, urefu wake kikiwa kimefungwa ni kama kidole changu cha mwisho. Nilikikuta ndani ya mfuko wa suruali ya mtumba niliyoinunua Kongowea, na mpaka leo najiuliza ni nani huko ng'ambo aliyekisahau na kama alikitafuta. Mpini ni wa plastiki nyekundu iliyofifia. Nimemenyea machungwa, nimetoa miba kwenye nyayo, nimekatia uzi uliochomoza kwenye kola, nimefungulia magunia, nimechongea penseli za watoto wa jirani, nimekazia skrubu ya miwani ya mzee mmoja msikitini. Ni kitu cha kazi ndogondogo. Sikuwahi kukiona kama silaha, kama vile mtu asivyoona kijiko kuwa silaha.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Likoni kivukoni. Watu walikuwa wamejaa kama kawaida, wenye baiskeli upande mmoja, wenye vikapu upande mwingine. Mlinzi mmoja alipitisha kifaa chake kiunoni mwangu, kikalia.

"Toa hicho kinacholia."

Nikatoa pete. Akakishika kisu kwa vidole viwili, akakifungua, akakitazama kama mtu aliyeokota kitu kwenye wali.

"Hiki cha nini?"

"Cha machungwa, afande."

"Mimi si afande. Cha machungwa au cha ndimu? Maana chungwa likiwa kubwa hakifiki kati." Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Kisha akauliza jambo lililonishangaza: "Na funguo ziko wapi?"

"Sina."

"Una pete ya funguo, huna funguo?"

"Nimerudisha asubuhi hii."

Akanitazama usoni kwa muda, akanirudishia. "Kitie ndani ya mkoba, kisionekane. Na utafute ufunguo, ndugu yangu. Mtu huonekana vibaya."

Nilivuka nikiwaza maneno yale. Kisu chenyewe kilimchekesha. Kilichomtia shaka ni nafasi tupu kando yake.

Kisiwani sikukaa. Nilikikata kwa miguu, nikavuka daraja la Nyali jua likiwa limeanza kuuma shingo, na kabla ya adhuhuri nikawa Kongowea sokoni. Hapo nilimkuta jamaa mmoja amesimama kando ya mkokoteni uliojaa mchicha na nyanya, akikazana kufungua fundo la mpira kwa meno.

"Utabaki bila meno," nikamwambia.

"Basi niazime yako."

Nikatoa kisu, nikaukata mpira, akaufunga upya vizuri kuzunguka makreti. Akashangaa kuona kilichofanya kazi hiyo. Alikigeuza kiganjani, akapima makali kwa kidole gumba.

"Kadogo, lakini kakali. Wewe wa wapi?"

"Kaloleni. Naitwa Karisa."

"Mimi Nzaro. Napeleka mboga Mishomoroni, kisha nakwenda zangu Kiembeni, ndiko ninakolala. Ukisukuma nyuma utakula chungwa."

Nilisukuma. Sikuwa na sababu ya kwenda Mishomoroni wala ya kutokwenda. Njiani nilimuuliza kila kitu: kwa nini nyanya mbichi huwekwa chini, kwa nini hupaka mafuta gurudumu moja na kuacha jingine. Alijibu machache, mengine akaniambia, "Wewe wauliza kama askari." Chini ya ukuta wenye kivuli tulikaa, nikamenya machungwa kwa kisu kile, tukala, tukalamba vidole kama watu waliokua pamoja.

Tuliingia Mishomoroni baada ya sala ya adhuhuri. Nzaro alianza kugawa mboga zake vibandani. Kwenye kibanda kimoja mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia ya kazi ya mkono aliyeitwa Sudi, alinipa maji ya mtungi bila kuombwa.

"Karibu mtaani," akasema.

"Starehe, ahsante."

"Sisi hapa ni watu wa amani. Mgeni hakosi maji."

Nikamuaga Nzaro, naye akanipa chungwa la njiani. Nikachukua kichochoro cha kwanza nilichokiona, kwa sababu kilipinda na sikuweza kuona mwisho wake. Hiyo ndiyo sababu tu.

Baada ya kona nilisikia sauti. Ilikuwa kama mtu anayekwangua sufuria. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwa upande wangu wa kulia, wa kimo cha mtu, na juu yake matawi ya mwarobaini. Nje ya ukuta, upande wangu, alikuwa ananing'inia mbuzi.

Niliganda. Mbuzi jike mweupe, mwenye baka la kahawia mgongoni, ananyongwa na kamba yake mwenyewe. Alikuwa amefungwa ndani ya ua. Bila shaka alipanda juu ya kitu huko ndani, akaruka ukuta kufuata majani, na kamba ikamwishia hewani. Kwato za nyuma ndizo zilizokuwa zikikwangua mawe. Ulimi ulikuwa nje, umekuwa rangi ya zambarau.

"Hodi! Wenyewe!" nikapiga kelele. "Hodi hapa!" Kimya.

Nikamwinua kwa bega, nikamkandamiza ukutani kwa kifua changu ili uzito umtoke shingoni. Bado hakupata pumzi. Kamba ilikuwa ya nailoni, nene, na kitanzi kilikuwa kimezama ndani ya manyoya hata hakionekani. Kuipata sehemu ya juu ya ukuta sikuweza bila kumwachia. Nikatoa pete mfukoni kwa mkono mmoja, nikafungua kisu kwa meno, nikaingiza bapa kati ya kamba na ngozi, mgongo wa kisu upande wa ngozi, makali upande wa kamba. Nikaanza kusugua. Uzi mmoja ukakatika, halafu mwingine. Mbuzi aliacha kupiga teke. Nikasikia mwili wake ukilegea begani kwangu kama gunia linalovuja, na nikajikuta nasema naye kwa Kigiriama, maneno niliyokuwa nasema na mbuzi wa bibi yangu nilipokuwa mdogo.

Uzi wa mwisho ulipokatika tulianguka wote wawili. Alikuwa amenilalia mapajani, macho yamegeuka, mate yanamtoka. Nilikuwa nimemshika shingo kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine.

Hapo dirisha la ghorofa ya ng'ambo likafunguka, na mwanamke akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi wa mbuzi! Ana kisu!"

Nilitazama nyuma kumwona huyo mwizi. Wallahi, niligeuka nikatazama nyuma.

Sijui watu walitoka wapi. Kichochoro kilikuwa kitupu, na mara kikajaa. Kofi la kwanza sikuliona. Nilisikia tu sikio likiita. Mtu akanikamata kola, vifungo viwili vya shati vikaruka, na nilipoinua uso nikaona kofia ya kazi ya mkono. Alikuwa Sudi. Maji yake bado yalikuwa tumboni mwangu.

"Kumbe ndio kazi yako!" akanifokea. "Wanywa maji yetu ukitupeleleza!"

"Mbuzi alikuwa ananyongwa—"

"Nani kamnyonga? Si wewe?"

"Alikuwa ananing'inia hapo ukutani!"

"Mbuzi ananing'inia! Popo huyo?"

Wakacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko kofi. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za watu kupigwa mpaka kufa kwa kuku, kwa simu, kwa kufananishwa tu. Sikuwahi kuwaza kwamba mambo hayo huanza na watu kucheka. Kijana mmoja alikuwa ameshachukua jiwe. Hakuwa amekunja uso. Alilishika tu, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Sudi akaninyang'anya pete, akaiinua juu. "Tazameni. Pete ya funguo, funguo hamna. Kisu tu! Wakaa wapi wewe?"

"Sikai popote kwa sasa."

Watu wakaguna.

"Watoka wapi?"

"Bofu."

"Kuvuka maji yote hayo! Waenda wapi?"

"Sijui."

"Kwa nani?"

Niliwaza haraka kama kuna mtu yeyote huku Kisauni ambaye ningeweza kutaja jina lake. Kila nililosema lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa inanizamisha. Nikamkumbuka mzee wa Bofu na povu lake la mswaki.

Ndipo nikamwona Nzaro. Alikuwa ameuacha mkokoteni kwenye kona, anachungulia juu ya mabega ya watu. Nikapaza sauti: "Muulizeni yule! Nzaro! Ananijua, tumekuja naye!"

Wote wakageuka. Sudi akamwuliza, "Nzaro, huyu wamjua?"

"Nimekutana naye Kongowea."

"Kisu hiki wakijua?"

Nzaro akakitazama. Alikuwa mtu mkweli, yaonekana. "Nakijua. Ni chake. Kakali sana."

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Nilimtazama mtu niliyekula naye chungwa, naye akatazama viatu vyake, na sauti za watu zikapanda mara mbili. Kofi lingine likaja, na kitu kigumu kikanipiga begani.

"Basi!" ikasema sauti nyuma yao. "Basi, nasema! Nipisheni!"

Kundi likagawanyika. Mwanamke mmoja wa makamo alikuja na sufuria kubwa kichwani, ya kupikia pilau ya watu wengi. Aliitua chini kwa kishindo, buibui lake limejaa masizi.

"Bi Mwanajuma," Sudi akamwambia, sauti imebadilika kuwa ya heshima, "shikamoo. Tumemshika mwizi wa mbuzi wako."

"Marahaba. Mwizi hatokimbia, mumeshamshika. Mbuzi ndiye aondoka. Maji!"

Alipiga magoti kwenye vumbi. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, tumbo halionekani kupanda. Mtu akaleta maji, Bi Mwanajuma akammwagia mbuzi kichwani, akamfungua kinywa, akauvuta ulimi.

"Achinjwe upesi, Bi Mwanajuma," Sudi akasema. "Asije akafa akawa kibudu, nyama yote ikatupwa. Kisu hiki hapa."

"Nichinje mbuzi wa akika leo? Akika ni kesho, Sudi! Nimemlea tangu mjukuu wangu yumo tumboni." Akammwagia mbuzi maji tena. "Nimetoka kuazima sufuria tu. Sufuria tu, jamani."

Hapo nikaelewa kilichokuwa kimelala vumbini. Alikuwa sadaka ya mtoto mchanga, na akifa vile hangefaa kuliwa na mtu yeyote, wala kesho asingekuwapo wa kuchinjwa. Na mimi ndiye niliyekutwa nimemshika. Nikaacha kujitetea. Nikaanza kumwombea mbuzi.

Bi Mwanajuma alipeleka vidole shingoni mwa mbuzi. Akakuta kitanzi kilichokatwa, akakitoa, akakipima. Kilikuwa na kipande kifupi cha kamba kisichozidi kidole. Akainua uso, akatazama juu ya ukuta, ambako kamba iliyobaki ilikuwa bado inaning'inia kama mkia wa panya.

"Nani amekata kamba?"

"Mimi, mama," nikasema.

"Umekata hapa? Shingoni?"

"Ndipo nilipopafikia."

Akamgeukia Sudi. "Wewe ukitaka kuiba mbuzi wa watu, kamba waikata wapi?"

Sudi akashtuka. "Mimi?"

"Jibu, si umejifanya hakimu?"

"Ningekata… kule kwenye kigingi."

"Ili?"

"Ili nipate pa kumvutia."

"Huyu amekata shingoni, na kamba yote ameniachia mimi ukutani. Angemkokota kwa nini? Kwa masikio?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia.

Lakini Bi Mwanajuma hakuwa amemaliza. Alianza kupekua manyoya ya shingo, sehemu kwa sehemu, taratibu, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Nilijua anatafuta nini. Mbuzi wa akika hatakiwi awe na ila. Asiwe kiguru, asiwe chongo, asiwe na jeraha. Kama ncha ya kisu ilikuwa imepita mahali, pangekuwa na damu, na mimi mwenyewe sikujua kama imepita. Nilikuwa nasugua bila kuona. Watu wote walisogea kutazama. Hata kijana wa jiwe alisogea, akaliweka jiwe chini ili aegemee goti.

"Kamba ilikuwa imezama," Bi Mwanajuma akasema, kama anayezungumza peke yake. "Alama hii hapa, imezunguka yote. Panga lisingepita. Kisu cha jikoni kisingepita." Akanyoosha mkono bila kumtazama Sudi. Sudi akataka kumpa kisu. "La, usinipe mkononi. Kiweke chini. Kisu mkono kwa mkono huleta ugomvi, nasi hatutaki mwingine leo."

Sudi akakiweka juu ya jiwe. Bi Mwanajuma akakiokota, akakitazama kwa karibu, akaupangusa ubapa wake kwenye kiganja. Hakikuacha alama ya damu.

"Hata mchubuko hamna," akasema. "Hata unyoya mmoja. Sina mato mimi?" Macho aliyaita mato, kama wasemavyo watu wa kale wa Mvita. "Mwizi aogopa kuichubua ngozi?"

Mbuzi akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, ikatupa mate hadi kwenye kanzu ya mtu. Akainua kichwa. Akakaa kwa magoti. Akasimama, akayumba, akatuangalia wote kama sisi ndio tuliomkosea, kisha akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkokoteni wa Nzaro na kuanza kula mchicha.

"We! We!" Nzaro akapiga kelele, akakimbia.

Mtaa mzima ulicheka. Nilisimama palepale, shati wazi, sikio linaita, nikashangaa. Vinywa vilikuwa vilevile. Mikono iliyonipiga sasa ilikuwa inanipangusa vumbi mgongoni. "Pole, ndugu yetu." "Ni shetani tu." "Mtaa umeibiwa sana, usituone vibaya." Sudi alikwenda kibandani mwake, akarudi na maji, mtungi uleule, kikombe kilekile. Niliyanywa. Kiu ilikuwa kali, na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Bi Mwanajuma aliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, akinitazama.

"Waitwa nani?"

"Karisa."

"Karisa, ni kweli huna pa kulala?"

"Ni kweli, mama."

"Mwanangu yuko Uarabuni. Ajenga Kiembeni. Chumba kimoja kimekwisha, vingine havijaezekwa, na mabati yamelala uani. Nataka mtu wa kulala pale, mabati yasije yakaota miguu."

Sudi akashika kiuno. "Bi Mwanajuma! Mtu tumemkamata na kisu saa hii, wampa ufunguo?"

"Mumemkamata mbele ya mtaa mzima. Mishomoroni yote hakuna sura inayojulikana kuliko hii. Akiiba atajificha wapi?"

Wakacheka tena. Akatoa ufunguo, akauweka na kisu juu ya jiwe, kimoja kando ya kingine, nikaviokota.

"Na kesho uje," akaniambia. "Akika ni mchana. Uje ule."

"Nije kumla huyu?"

"Kwani ulidhani umemwokoa aende wapi?"

Nilimtazama mbuzi, mchicha ukimning'inia mdomoni. Nilikuwa nimepigwa makofi, nimekaribia kupigwa mawe, kwa ajili ya mbuzi ambaye kesho yake angechinjwa. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Jioni, jua likiwa limelegea, mimi na Nzaro tulichukua njia ya Kiembeni. Mkokoteni ulikuwa mtupu na ulipiga kelele kila tulipopita shimo.

"Mbona ulisema vile?" nikamwuliza mwishowe.

"Vipi?"

"Kwamba kisu wakijua, kakali sana."

"Niliulizwa kama nakijua. Ningesema sikijui?"

"Ungesema kilikukatia mpira. Ungesema tumemenyea machungwa."

Alisukuma hatua kadhaa. "Sikuulizwa hilo," akasema. Kisha, chini zaidi: "Niliogopa, Karisa. Mimi huuza pale kila siku. Wewe ulikuwa wapita."

Hilo lilinishtua kuliko yote ya siku ile, labda kwa sababu nililielewa. Tulipofika njia panda alinielekeza, akanipa chungwa moja, akaondoka bila kuaga vizuri. Nililiangalia lile chungwa kwa muda kabla ya kulitia mkobani.

Magharibi ilinikuta mbele ya nyumba ya mtoto wa Bi Mwanajuma. Kuta za mawe zilisimama bila paa, mbingu ikionekana kupitia madirisha, na mabati yalikuwa yamelala uani yamefunikwa turubai. Chumba kilichokwisha kilikuwa pembeni, mlango wa mbao mpya, kufuli lililoshika kutu kwa hewa ya bahari. Ufunguo ulikataa mara ya kwanza, ukakataa ya pili, kisha kufuli likaachia.

Ndani palikuwa na mkeka umekunjwa, ndoo, na harufu ya saruji mbichi. Nikaketi kizingitini, nikatoa pete. Kisu kilikuwa kimeumia. Ile nailoni ilikuwa imekitia pengo dogo katikati ya makali, na nilipopitisha kidole nililisikia. Nikakifungua, nikaingiza ncha kati ya mizunguko ya chuma ya pete, nikaipanua, nikausukuma ufunguo mpaka ukazunguka na kuingia. Ukateleza, ukagonga mpini mwekundu.

Nikamenya chungwa la Nzaro. Pengo lilikwaruza ganda, lakini lilimenyeka.

Mpita njia, mtu mzima mwenye kanzu aliyekuwa akielekea msikitini, alisimama aliponiona kizingitini pa nyumba isiyo na paa, kisu mkononi.

"Salaam aleikum. Wewe nani? Wakaa wapi?"

Nilisimama upesi. Nikaitikia salamu, nikainua pete juu ili aone vyote viwili.

"Nakaa hapa," nikamwambia. "Hapa kwa mtoto wa Bi Mwanajuma wa Mishomoroni. Kesho tuna akika."

"Aa," akasema. "Karibu, basi." Akaendelea na njia yake.

Nilibaki nimesimama, nimeshangazwa na jinsi ilivyokuwa rahisi.